Kikoti cha Maikrofoni

Mpendwa dada yangu,

Hapana, haijapotea. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo uliloniuliza jana kabla simu haijakatika, na najua umelala ukiliwaza. Rekodi ya Baba ipo. Ipo kwenye kompyuta, na nakala nyingine shemeji yako ameiweka kwenye kile kidude kidogo anachokitundika pamoja na funguo zake. Ila kuna jambo jingine juu yake, na ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia. Nikisikia sauti yako nitaanza kucheka kile kicheko changu cha kuficha mambo, nawe utanijua palepale.

Lakini salamu kwanza. Hamjambo huko? Mgongo wako umepoa, au bado unainama kwa kushika ukuta? Na mwanangu je, yale mafua yameisha, au bado anafutia pua kwenye shati la baba yake? Mwambie mama yake mdogo anamuulizia kila siku. Mimi mzima, nimenenepa, hata pete inaanza kunibana. Shemeji yako naye mzima na anakusalimu sana. Dada, sijui nikuelezeje. Miezi mitatu sasa tangu harusi, na bado nikisikia baiskeli yake mlangoni nakimbilia kioo. Anarudi kutoka kutengeneza majokofu ya watu akinuka gesi na grisi, na mimi naona ni manukato. Juzi alinikuta naosha vyombo akanisimamia nyuma, akasema sauti yangu nikiimba kwenye masufuria ndiyo iliyomfanya aamini kuna mtu nyumbani. Nililia kwenye povu la sabuni. Utanicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Na furaha hiyo, dada, ndiyo iliyoniponza.

Unakumbuka Baba alipotoka hospitali na kutuambia kwamba koo lazima lipasuliwe, na kwamba daktari hakumficha, sauti haitarudi. Alitupa habari ile kama anamwambia mteja kitambaa hakitoshi. Akasema ameongea vya kutosha, na wateja wengine watafurahi kushonewa na fundi asiyewajibu. Wewe ndiye uliyewaza jambo la maana. Ulisema mwanao hajawahi kukaa chini ya ile meza ya kukatia kama sisi, akasikia hadithi ya fisi aliyepeleka ngozi yake kwa fundi ipunguzwe kiuno, na ukaniomba niirekodi kabla ya upasuaji. Ulisema hata simu inatosha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mimi nikasema simu haitoshi. Sauti ya Baba niitie kwenye simu yenye kioo kilichopasuka? Nilikuambia niachie mimi, tunanunua maikrofoni ya kweli. Kwa haki, tulikuwa tumeshapanga kuinunua, maana wenye maduka wawili walikuwa wameniahidi kazi ya kuwasomea matangazo nikiwa nyumbani. Lakini wiki mbili nzima zilikwenda katika kuchagua. Tulikuwa tunatoka jioni mkono kwa mkono, duka hili, duka lile, tunagusa, tunauliza, tunarudi kunywa chai. Sitakudanganya, zilikuwa jioni tamu kuliko zote maishani mwangu. Baba alikuwa anahesabu siku na mimi nilikuwa natembea na mume wangu.

Mwisho tukafika kwa muuzaji mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituwekea mbili mezani. Moja nyeusi, fupi, ya kushika mkononi, akasema hiyo ni kiziwi kidogo, inasikia kinywa kilicho karibu nayo tu na mengine inayaacha yapite. Ya pili ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, imesimama kwenye mguu wake kama kombe la washindi. Hiyo, akasema, ina masikio ya jirani mmbea, itasikia hata mjusi akipita darini. Akatuuliza tunarekodia wapi. Shemeji yako akamwambia ni chumbani kwetu, kuta za saruji, bati juu, pazia moja. Mzee akacheka mpaka miwani ikateleza, akasema chumba chenu kiko uchi, bibi harusi, sauti itagonga ukuta na kurudi, chukueni nyeusi japo haina sura.

Alinieleza pia kwamba ile ya dhahabu haisemewi kichwani, inasemewa ubavuni, tena ubavu mmoja tu. Ubavu huo una alama ndogo kama moyo. Ukikaa upande wa pili, inakupa kisogo.

Dada, nililolishika katika hotuba yote ile ni moyo. Nilimkanyaga shemeji yako mguu chini ya meza, nikamnong'oneza kwamba ina moyo, kwamba hiyo ndiyo yetu. Naye, maskini, angeninunulia hata mlango wa duka kama ningeuomba. Tukabeba ya dhahabu.

Nyumbani alichukua yale mablanketi saba tuliyopewa harusini akayatundika kwenye kona, juu ya kamba na nyuma ya kabati, mpaka tukapata kijumba cha blanketi chenye kiti na stuli. Baba alipokuja kukiona alikizunguka, akazipima kuta kwa macho, akasema mshono wa kamba haukunyooka. Kisha akaitazama maikrofoni. Akasema si vizuri binti wa watu kusimama bila nguo mbele ya mkwewe. Akatoa utepe shingoni, akaipima kifua na kiuno, na kesho yake akaja na kikoti. Sponji ndani, kitambaa cheusi nje, kola ndogo, vifungo viwili mbele. Alisema kitazuia pumzi yake, kwa sababu siku hizi koo linapuliza kuliko kusema. Tulicheka, dada. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza, lakini alicheka.

Siku ya kurekodi niliivalisha maikrofoni kile kikoti mimi mwenyewe. Vifungo nikavielekeza kwa Baba, ili avione, kwa kuwa vilikuwa vimependeza. Baba akakaa kwenye kiti. Mimi nikakaa kwenye stuli ng'ambo ya maikrofoni, uso kwa uso naye, na shemeji yako nyuma yangu kwenye kompyuta. Baba akasema fisi hawezi kuzungumza bila pini. Ikabidi tumpe pini nne akazibana mdomoni, upande wa kushoto kama zamani, na fisi akatoka vilevile, dada, ile sauti ya pembeni ya mdomo, anamlalamikia fundi kwamba kiuno kinampwaya akikimbia. Alisimulia kwa dakika arobaini. Aliongeza sehemu ambayo sisi hatukuwahi kuisikia, ya mke wa fisi kuja dukani kuuliza mumewe yuko wapi, na fundi kumwonyesha ngozi kwenye kiango cha nguo. Alikuwa amemtungia mjukuu wake.

Alipomaliza alitoa pini moja moja akauliza kama imeshika. Akasema bado ana siku nne, kama haikukaa vizuri atarudi kesho airudie. Nami nikamwambia imekaa vizuri sana, Baba, apumzishe koo.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nakukimbia mwezi mzima.

Kila ulipouliza nilikuambia rekodi inasafishwa. Si uongo wote, shemeji yako kweli amekesha nayo. Lakini kinachosafishwa si vumbi. Ile alama ya moyo ilikuwa upande wangu. Kikoti kiliifunika na mimi sikuitafuta. Maikrofoni ilimpa Baba kisogo dakika zote arobaini, ikanisikiliza mimi. Ukiifungua leo unanisikia mimi nikicheka, mimi nikiguna, bangili zangu, mimi nikimnong'oneza mume wangu kwamba Baba ni kiboko, na yeye akiniambia nikae vizuri, namharibia kamba za blanketi. Hata kutafuna kwangu karanga kumo, wazi kabisa. Na huko mbali, nyuma ya blanketi, kuna mzee anaongea kama aliyefungiwa ndani ya pipa. Fisi husikii anasema nini. Unasikia kwamba kuna mtu anasema, basi.

Hilo ungeweza kunisamehe, ni ujinga. Kuna la pili. Jioni ileile, Baba akiwa ameshaondoka, niliweka hedifoni sikio moja nikasikiliza kama dakika moja. Nikasikia. Sikuelewa ni nini, lakini nilijua si sawa. Siku nne zilikuwapo. Baba alikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwetu, ana sauti, amejitolea kurudi. Ila kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya pekee ya mapumziko ya shemeji yako, na tulikuwa tumepanga kwenda kupiga zile picha za maharusi ambazo mvua ilituharibia. Nguo ilikuwa imeshapigwa pasi. Nikavua hedifoni, nikajiambia kompyuta itarekebisha, nikaenda kusuka nywele. Siku ya pili nikasahau, ya tatu tukawa na wageni, ya nne Baba akalazwa. Picha zimetoka nzuri. Sijaweza kuzitundika.

Shemeji yako hakulijua hili la pili. Alidhani tumegundua pamoja baada ya upasuaji, na jioni baada ya jioni alikaa akipandisha na kushusha vidude vya sauti, ananiambia nisihuzunike, atamtoa Baba kwenye lile pipa. Jana ulipouliza na simu ikakatika, nilimwambia ukweli. Hakugomba. Alizima kompyuta, akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu, kisha akasema mwandikie dada yako. Ni mara ya kwanza tumelala bila kushikana mikono. Asubuhi alinichemshia chai kama kawaida, lakini hakuniita lile jina lake la mapenzi.

Kinachonichoma zaidi ni Baba. Koo limepona vizuri, amerudi dukani, anaandika kwa chaki yake ya kukatia kwenye vipande vya kitambaa cheusi, na wateja wamezoea. Wiki iliyopita, akidhani nimeshawatumia rekodi, aliniandikia akiuliza mjukuu alicheka wapi, kwenye kiuno au kwenye kiango. Na mimi, mdomo huu, nikamjibu kwenye kiango, Baba, alicheka mpaka akaanguka. Akafuta ile chaki kwa kiganja akitabasamu, akaandika kwamba angependa kumwona kwa macho yake akiisikiliza. Ameshawatangazia wateja kwamba mwezi huu anafunga duka siku tatu. Ameshona begi la safari.

Unaona nilipofika. Nisipomwambia, atakaa kwenu mbele ya mtoto akisubiri sauti yake mwenyewe. Nikimwambia, kitu cha kwanza atakachoshika ni kile kikoti. Nimjuavyo, atasema vifungo alivikosea yeye, angeviweka upande wenye alama. Atajilaumu yeye, na mimi nitaponea hapo, na nimekwishaponea vya kutosha. Kwa hiyo nitakwenda dukani Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, nimweleze yote mawili. La kikoti nitamwambia ni mkono wangu. La ile jioni nitamwambia kama nilivyokuandikia wewe, na nguo iliyopigwa pasi ndani yake. Akinifukuza nitakaa nje mpaka afungue tena.

Sikuombi unifichie. Ninachokuomba ni usimwambie mwanao kwamba babu anakuja na hadithi. Mwambie tu babu anakuja.

Msalimie sana shemeji, mkunie mgongo wake kwa niaba yangu kama bado anawashwa na ile sweta. Mbusu mwanangu mashavu yote mawili. Shemeji yako anakusalimu tena, naona ameingia, amesoma mstari huu juu ya bega langu na ameweka mkono wake hapo, sijui ni msamaha au anasoma tu. Tutakuja, mimi na Baba, na yeye kama wateja wa majokofu watamwachia, kabla mwezi haujaisha. Sina nitakachowaletea, dada. Nitakuja hivyohivyo, mikono mitupu, kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako uliyemfundisha kufunga viatu,
Chiriku