Kaburi la Baba kwenye Njia ya Maporomoko

Katesh, Jumamosi, 14 Juni 2025. Miaka arobaini na sita tangu tuhamishwe kupisha mashamba ya ngano.

Njia ya maporomoko ni nyepesi hata kwa magoti yangu. Neema, mjukuu wa dada yangu, alinisindikiza. Lakini sikufuata maji. Nilifuata kaburi la baba, kichuguu cha udongo walichomjengea wazee juu ya kaburi pale msitu unapoanza. Kwetu kila apitaye huweka majani mabichi juu yake kwa heshima. Nilikuwa nimeshachuma yangu.

Tulimkuta mama mmoja akipalilia maharage. Nikamuuliza kichuguu kiko wapi.

"Shikamoo babu. Sisi tulikuta shamba tu. Labda trekta lilikisawazisha."

"Weka popote, babu," Neema akasema. "Atajua ni wewe."

Popote. Sikuweza.

Nikatembea na majani yangu hadi kwenye maporomoko. Neema akatoa simu anipige picha. "Cheka kidogo basi, babu. Utafikiri uko msibani."

Wanangu niliwaambia nikifa wanizike kando ya baba. Sasa nitawaambia wanizike Singida, tunakoishi. Huku sitarudi.