Sikuitetea Hasamba

Jumatano

Na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Kamati yetu ya ardhi ilikuwa na sehemu tatu za kuchagua kwa ajili ya kiwanja cha gofu cha mwekezaji: Ndalambo, Isansa na Hasamba. Ndalambo niliipinga saa nzima, kwamba watu watakula nini, nyasi? Isansa nikaimaliza kwa hoja ya maji. Mwenyekiti akacheka: "Mwalimu, leo umekuja na panga!"

Hasamba sikuitetea. Shamba la kahawa la mama liko pale, na niliona aibu kuonekana napigania cha kwetu. Nilidhani mwingine atasema. Hakuna aliyesema, na Hasamba ikapita.

Leo nimekwenda kumweleza mama. Nimemkuta anaosha vikombe.

"Wenzako wa kamati wamekuja asubuhi," akasema. "Nimewapa chai, nikawazungusha mipaka yote, mpaka kwa baba yako."

Kwa baba ni kaburini, mwisho wa mibuni. Nimekwenda kuangalia. Kando ya kaburi kuna kigingi kipya chenye rangi nyekundu, na vingine vinaendelea hadi bondeni, vikifuata njia aliyowapitisha mama mwenyewe na fimbo yake.

"Wapole kweli," akasema nyuma yangu. "Hivi wanajenga shule?"

Mimi ambaye huwajibu watu kabla hawajamaliza kuuliza, nikainama kung'oa magugu kaburini. Naogopa. Sijui hata nianzie...

Jumatatu wanarudi. Ameshawatengea jogoo.