Robo ya Mshahara Wangu

Nyakato, Mwanza
18 Agosti 1996

Kwako kaka yangu mpendwa Mayala,

Shikamoo kaka, na shemeji Dorotea naye mpe shikamoo yangu. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya shughuli za kuvuna pamba. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayaona humu, ila nakuomba safari hii usome mwenyewe, usimpe shemeji akusomee kwa kisingizio cha macho.

Shimba, dereva wa lori, alinifikishia gunia la michembe ya viazi vitamu pamoja na bahasha yako Jumanne. Michembe ni mitamu kama ile aliyokuwa akianika marehemu mama juu ya mwamba. Nilichemsha kidogo nikala, kisha nikafungua bahasha.

Umeandika kwamba ng'ombe wa mahari ya mwanao Teodora wamekwisha pokelewa, kumi na wawili, na kwamba umemuuza mmoja ili nipate elfu sitini za kufungulia genge Mkuyuni. Umesema inakuuma kuona mdogo wako mwenye cheti cha uhasibu akihangaika na vibarua mwaka wa pili sasa. Kaka, laiti ungenitukana.

Unakumbuka nilivyosoma. Chama chetu cha msingi cha ushirika kilinikopesha kutoka mfuko wa elimu, wewe ukaweka sahihi kama mdhamini. Sharti lilikuwa moja tu: nikianza kazi, mwajiri akate robo ya mshahara kila mwezi airudishe chamani, isomeshe anayefuata. Wakati ule kila kilo ya pamba ilichangia mfuko. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao hadi mlangoni, mfuko hauambulii kitu, umebaki kutegemea makato yetu sisi tuliosomeshwa. Na aliyefuata kwenye orodha alikuwa mwanao.

Ulinieleza jinsi Teodora alivyochaguliwa chuo cha ualimu mwaka jana, na katibu akamwambia asubiri mpaka mimi Luhende nipate kazi. Ukanieleza na ule mkutano ambapo watu walianza kuninong'ona, ukasimama mbele yao wote ukawaambia kwamba mdogo wako si mtu wa kula fedha za wenzake, na kwamba siku akipata kazi wataona. Niliisoma barua ile nimekaa kwenye kiti cha ofisi.

Ndiyo, kaka, cha ofisi. Sijawahi kufanya kibarua hata siku moja. Tangu Oktoba 1994 nimeajiriwa katika kiwanda cha minofu ya sangara, na kazi yangu ni karani wa mishahara. Siku ya kuajiriwa nilipewa fomu iliyouliza kama nina mkopo wa masomo. Nikaandika sina. Nilijiambia ni kwa miezi mitatu tu, ninunue kitanda na viatu, nionekane mtu. Miezi mitatu ikaisha nikataka redio. Sikuwa na shida yoyote ya kujitetea nayo. Nilizoea tu kushika mshahara mzima.

Na si hilo tu. Chama kiliandika barua viwanda vyote vya Mwanza kuniulizia. Barua za makato huletwa mezani kwangu, hakuna mwingine anayezifungua. Ya kwanza niliijibu kwamba hatuna mfanyakazi mwenye jina hilo, nikagonga mhuri, nikasaini kwa niaba ya meneja. Ya pili ilikuja mwaka jana mwezi wa nane. Hiyo ilieleza kwamba kuna binti anayesubiri fedha hizo ili aende chuo, na ilimtaja: Teodora Mayala. Nililiona jina lake, kaka. Nikajibu siku ileile kabla ya chakula cha mchana, nisije nikabadili mawazo.

Najionea aibu kiasi kwamba kioo cha kunyolea nimekigeuzia ukutani.

Juzi nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Hajaamua kama atanifukuza. Kwa mwezi huu nimeandika jina langu mwenyewe kwenye orodha ya makato, si robo, ni nusu, na katibu nimemwandikia ukweli. Zile elfu sitini Shimba anakurudishia zote, sijazigusa. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uitishe mkutano uleule, uwasomee barua hii, ili wajue wewe hukuwadanganya, mimi ndiye niliyekudanganya wewe.

Nilidhani nikilipa sasa nitakuwa nimerekebisha. Kumbe mwenye zamu baada ya Teodora ni Venant wa mzee Chenge, na yeye ndiye atakayesoma kwa fedha zangu. Teodora zamu yake imepita, yuko kwa mumewe. Na wewe umeniandikia kwamba ni yeye aliyemchagua ng'ombe wa kuuzwa, akasema baba mdogo asipewe aliyekonda.

Wasalimie wote wanaoniulizia, kama watakuwepo. Teodora usimpe salamu zangu mpaka awe ameyasikia haya. Safari hii nasaini kwa jina langu kamili, lile nililoandika mara mbili kwamba halipo hapa kiwandani.

Ni mimi mdogo wako,
Luhende Mihayo,
Karani wa Mishahara