Damu ya Wasiogusa Dawa

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nimeosha tena mirija ya maabara ya shule baada ya vipindi. Baridi ya Njombe, vidole havikunjiki. Chama chetu cha wanasayansi kinachunguza kama dawa za mashambani zinaharibu chembe za urithi. Mimi nataka kujua kwa nini mdogo wangu Tulizo, anayepiga dawa viazi vya tajiri huko Matembwe, mimba imemtoka tena. Mkutanoni hilo silisemi.

Jumatano, 9 Machi
Makambako. Damu ya vibarua wa viazi tunayo. Leo ya kulinganishia, ya watu wasiogusa dawa. Mwenyekiti kachagua wafanyabiashara wa mahindi wa Lyamkena. Hawalimi, kwa hiyo ni safi. Mmoja wao, Mzee Shabani, kakunja mkono wa kanzu, katutolea damu, kisha katuletea chai ya tangawizi. Nimempenda.

Ijumaa, 29 Aprili
Majibu. Chembe za vibarua zimekatikakatika. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha za Lyamkena: zimekatika vilevile. Mwenyekiti kasema hakuna tofauti, kwa hiyo dawa haina kosa. Wakapiga makofi.

Jumanne, 3 Mei
Nimerudi kwa Mzee Shabani, nimeomba kuona anapolala. Stoo. Tangu biashara ya mahindi iachiwe huru, wezi wamezidi, basi analala juu ya magunia yake. Yote yamepakwa dawa ya unga ya kuua dumuzi, mdudu wa mahindi. Shuka limejaa vumbi lake.
"Usingizi wa humu mzito, mwalimu. Naamka kichwa kinauma kidogo tu."
Nimemwambia ahame. Kasema akihama, magunia nayo yatahama.
Tumewalinganisha wenye sumu na wenye sumu. Wasomi wazima.

Ijumaa, 6 Mei
Nimesimama mkutanoni, nimesema yote. Mwenyekiti kaniuliza kama nataka chama kiaibike. Nataka. Wenzangu wote wakatazama meza. Wanafiki. Taarifa kwamba dawa haina kosa imeshamfikia tajiri wa viazi, na kawasomea vibarua wake.

Jumatatu, 9 Mei
Matembwe. Ukungu. Tulizo ana mimba tena. Nimemweleza yote, na habari za stoo pia. Kanisikiliza huku akimenya viazi.
"Dada, tajiri kasema anayeogopa aondoke. Niende wapi?"
Kavaa bomba la dawa mgongoni, kajifunga kitenge puani. Kikalegea. Kaniomba nimkazie kwa nyuma.
Nimemkazia.