Leo Boti ya Mwalimu Imetema Maji

Jumamosi, Kapseret. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, halafu jua likatoka ghafla na matope yote yakaanza kufuka mvuke. Mikono yangu bado inanuka dizeli hata baada ya kuiosha mara tatu. Nimechoka, nina njaa, na moyo wangu ni mwepesi. Niandike sasa kabla sijaanza kuipamba hii hadithi.

Mnaosoma hapa mnajua mimi ni fundi wa trakta na mashine za kukamua maziwa. Boti si kazi yangu. Huku kwetu maji mengi zaidi ni ya bwawa la ng'ombe.

Lakini boti tumekaa nayo miaka saba, kwenye kibanda nyuma ya ghala la mahindi. Si yetu. Ni ya Mwalimu Odhiambo, aliyekuwa jirani yetu. Alikuwa akifundisha useremala, na kila likizo alikuwa uani kwake akijenga boti ya matanga, ubao baada ya ubao, ili akistaafu aipeleke kwao ziwani. Watu walimwita Nuhu. Ndani aliweka injini ndogo ya dizeli, ya kumsukuma siku ambayo upepo umekataa.

Uchaguzi uliharibika kabla hajastaafu, na watu wa kutoka kwingine kama yeye wakaanza kufukuzwa. Mwanzoni mwa 2008 yeye na mkewe walikimbilia kituo cha polisi na nguo walizokuwa wamevaa. Nyumba yao ilichomwa mchana, watu wakitazama. Vijana walipoifikia boti, Mama yangu alisimama mbele yake, leso kiunoni, akasema, "Hii ni yangu. Aliniuzia Krismasi." Mama ni mzee wa kanisa. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Jioni tuliivuta kwa trakta mpaka kwetu, tukaifunika kwa mabua.

Kwa hivyo mimi ni mtoto wa yule mama aliyeokoa boti. Kila mtu hapa ananijua hivyo.

Ambalo hakuna aliyelijua ni hili. Mwaka uleule, nyaya za stima zikiwa bado hazijafika kwetu, nilikuwa nikiiwasha ile injini ili nichaji simu, yangu na za marafiki. Injini ya boti haina rejeta ya kupozwa kwa upepo kama trakta. Inavuta maji ya nje, yanazunguka kuipoza, kisha inayatema pamoja na moshi. Basi nilikuwa natumbukiza paipu kwenye pipa la maji. Siku moja nikaenda kutazama mechi kwa jirani, pipa likaisha. Niliporudi kibanda kilikuwa kimejaa moshi na harufu ya raba iliyoungua.

Nilizima. Nikarudisha mabua. Nikafunga mdomo.

Nilijiambia, Mwalimu hatarudi.

Wengi wetu tulijiambia hivyo. Ukishaamini kwamba mtu hatarudi, unaweza kufanya mambo mengi bila kukosa usingizi.

Mwezi uliopita akapiga simu. Amepata lori, anakuja kuchukua boti yake. Akaomba niijaribu injini hapahapa kwanza. "Kule ziwani sina fundi ninayemwamini kama wewe, Kibet." Siku hiyohiyo niliagiza impela mpya kutoka Mombasa, ile feni ndogo ya raba inayokaa ndani ya pampu ya maji. Sikumwambia mtu, na ilinifikia jana usiku tu.

Leo saa tano akashuka kwenye teksi. Amekonda, miwani imekuwa minene. Yeye na Mama walishikana mikono muda mrefu. Kisha akatembea kando ya boti, kiganja chake kikipapasa mbao kutoka mbele hadi nyuma. Upande ule ilikokuwa nyumba yake, hakutazama kabisa.

Tuliweka betri mpya, dizeli safi, paipu kwenye pipa. Injini ikagoma mara mbili, ya tatu ikashika. Mwalimu akaenda nyuma kuangalia ekzosi, lile bomba la moshi.

"Kibet, maji hayatoki."

Nikazima haraka. Nilipochomoa paipu nikakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo kwenye mdomo wa bomba linaloingiza maji. Mwalimu akacheka. "Kumbe ni hawa! Wakimbizi wenzangu, wamehamia kwangu."

Nilicheka naye. Nilijua wazi kwamba kile kiota kilikuwa kidogo mno kuzuia maji yote, lakini nilikishukuru. Kingebeba lawama yote.

Nikatoa udongo, tukawasha, yakatoka matone tu. Mama akaita chai. Mwalimu alipoingia ndani, nilifungua pampu. Impela ina mabawa sita. Hii ilikuwa na matatu. Nikaitia mfukoni, nikafunga mpya, nikakaza skrubu, na aliporudi boti ikatema maji. Akapiga makofi kama mtoto.

Ningeweza kunyamaza hapo.

Lakini maji yalitoka kidogo kuliko inavyopaswa, na nilijua ni kwa nini. Mabawa matatu yaliyokatika yalikuwa yamesukumwa mbele, yakakwama mahali ndani ya mabomba. Injini ikizunguka polepole hapa uani, haitadai maji mengi. Ikifika ziwani na kufanya kazi kweli, itachemka. Na hakuna fundi wa kule ambaye angeenda kutafuta vipande vya raba wakati impela ni mpya na nzima.

Mwalimu alikuwa bado anatazama yale maji. "Wajukuu nimewaahidi Jumapili ijayo," akasema. "Tutavuka mpaka ng'ambo. Yule mkubwa ana miaka tisa, tayari anajiita kapteni. Ni msichana mkali huyo."

Nikazima injini.

"Mbona umezima?"

"Mwalimu, shida haikuwa nyigu."

Nikatoa ile impela mfukoni, nikampa. Nikasema yote. Sikusema vizuri. Nilianza na mechi, nikarudi kwa simu, nikamaliza na moshi. Yeye akaigeuzageuza ile raba mkononi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Siku ile nyumba yangu inaungua, ulikuwa wapi?"

"Barabarani. Nilikuwa natazama."

"Ulibeba kitu?"

"Hapana."

"Ulisema kitu?"

"Hapana, Mwalimu."

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Miaka saba nimepigiwa simu za pole. Pole Mwalimu, pole Mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, mimi nilifanya hivi. Wewe ndiye wa kwanza." Akatazama impela tena. "Na wewe ulikuwa unachaji simu."

Hapo nililia. Mimi, mwanaume mwenye spana mkononi, mbele ya ng'ombe na kila kitu.

Aliniacha nilie kidogo, halafu sauti yake ya darasani ikarudi. "Haya. Mabawa mangapi hayapo?"

"Matatu."

"Basi tunatafuta matatu. Tukipata mawili hatujamaliza."

Tulifungua kipozeo, lile bomba nene lenye vijibomba vingi ndani. Vipande viwili vya raba tulivikuta mlangoni mwake, vyeusi, vimeganda na kutu, vimeziba karibu nusu ya vijibomba. Cha tatu kilitutesa. Tulivua paipu moja baada ya nyingine, mimi nimelala chali kwenye sakafu ya boti, yeye amepiga magoti akinimulikia tochi. Mara mbili nilisema labda kilishatoka zamani. Mara mbili akasema, "Tafuta." Mwishowe ni yeye aliyekitoa kwa waya, pale kwenye kona ambapo maji yanaingia ekzosi. Kilikuwa kimejikunja kama jani kavu. Akavipanga vyote vitatu juu ya ubao kando ya impela ya zamani, akahakikisha kila kimoja kinaingia pengo lake.

Tulipowasha tena, maji yaliruka. Yalitoka kwa nguvu, mkupuo baada ya mkupuo, yakamlowesha Mwalimu suruali mpaka magotini. Hakusogea. Tukaiacha injini izunguke kwa nguvu saa nzima, tukijaza pipa kwa ndoo, Mama naye akibeba. Mshale wa joto ulipanda katikati ukakaa pale pale. Nilikuwa nautazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake akipumua.

Haukupanda tena. Wueh, sijui nieleze vipi.

Kabla ya kuingia teksi, Mwalimu alinishika bega. "Ya injini yameisha, Kibet. Yale ya barabarani niachie kwanza. Bado."

Nimeshangaa kwamba hata hilo limenipa nafuu. Kila Krismasi alikuwa akipiga simu kunishukuru, na kila mara nilikuwa natafuta sababu ya kukata. Leo amesema "bado," na ningeweza kumsikiliza siku nzima.

Lori linakuja kesho alasiri. Boti haitalijaza lote. Binamu yangu Kiplagat ana mlango wa mvule nyumbani kwake, umechongwa maua kwa mkono. Sote hapa tunajua ni nani aliyeuchonga, na kwamba ulitolewa kwenye ile nyumba kabla moto haujawashwa. Mwalimu hakuuliza, nami sikumtaja Kiplagat. Hilo ni la binamu yangu kusema. Lakini kesho tukitoka kanisani nitapitia kwake, nimwambie lori lina nafasi. Sijui kama atanifukuza au ataenda kutafuta bisibisi.