Michembe Niliyokatazwa Kula

Muuguzi amenipigia simu jioni: daktari mwenye kipimo cha tumbo amefika, na nisile chochote usiku huu. Tumbo likiwa na chakula kamera haioni, na mimi nitasubiri mpaka arudi tena Tabora mwezi ujao. Choo changu kimekuwa cheusi wiki nzima. Siwezi kusubiri mwezi.

Sikuwa nimeweka simu chini shangazi akabisha hodi, amekuja na treni kutoka Kigwa. Alisikia naumwa, akabeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hakupumzika, aliipika na karanga, akatenga, akaniletea maji ya kunawa.

“Shangazi, leo sili. Nimekatazwa.”

“Nani amekukataza chakula changu?”

Nikamweleza kwamba asubuhi watanipitisha mpira wenye kamera kooni mpaka tumboni.

“Basi kula wewe, umesafiri.”

“Nile peke yangu, mgonjwa ananitazama? Mimi mchawi?”

Akafunika sahani. Nimewahoji watu wagumu kazini, lakini huyu sikumweza. Nyumba nzima inanukia karanga, na hilo limenikera kuliko njaa yenyewe.

Mpira siuogopi. Naogopa jibu. Baba yangu, kaka yake shangazi, alianza na choo cheusi hivi hivi, na hakupimwa. Tumekaa jioni yote bila kumtaja.

Alipokwenda kulala alisema tu, “Yule nilimlisha mpaka mwisho.”

Kipimo ni kesho saa mbili asubuhi. Tutakwenda wote wawili, na hakuna atakayekuwa amekula.