Nilimwambia Huku Iko Salama

Mama,

Watu nawaambia wewe ni mama mkwe wangu, lakini mwenyewe ulilikataa hilo neno, ukasema mkwe ni wa siku ya mahari tu. Basi, Mama. Juzi tumekuanulia matanga pale Butihinda, kuganduka kama wanavyosema ndugu zako, na mwaka mzima nilikuwa na maneno ya kukwambia. Kaburini sikuyasema kwa sababu shemeji zangu walikuwa wamesimama karibu.

Naogopa, Mama. Nianzie hapo hapo.

Tangu uondoke, Gitega imebadilika, au labda ni mimi. Mwanao Manu bado ana teksi yake, ila siku hizi anaendesha foleni zaidi kuliko barabara. Analala ndani ya gari pale kituo cha mafuta akisubiri esansi, anarudi ananuka jasho na tangi tupu. Sukari inapotea, ikirudi inarudi na bei nyingine. Sokoni, nikiwa kwenye cherehani yangu, wenzangu wananitania: "We Mtanzania, Kiswahili yako iko ya redio!" Nacheka nao. Lakini redio yenyewe ndiyo inayoniua. Asubuhi vita vya Kongo, mchana mpaka umefungwa, jioni wakubwa wa dunia huko mbali wanarushiana makombora na mafuta yanapanda tena. Watu wanataka sketi za shule, mimi nashona huku sikio langu liko Kongo, ng'ambo ya mto Ruzizi. Majuzi nilishona mkono wa blauzi nje ndani, mteja akadhani ni fasheni.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haya, wewe uliumwa na vita, Manu aliumwa. Mimi nimezaliwa Kibondo, sijawahi kukimbia hata mbwa, na ndimi ninayeshtuka! Ulikuwa ukinicheka: "Mwana wanje, mwanangu, redio haina miguu. Siku ukiona watu wanapita na magodoro, hapo uogope."

Basi nikapanga jambo bila kumwambia Manu. Neema wetu ningempeleka kwa dada yangu Kibondo, akasome huko. Dada angekuja kumpokea kwenye mpaka wa Kobero, kesho yake baada ya matanga. Manu nilishawahi kumgusia, akakataa kabla sijamaliza. Akanikumbusha jinsi ulivyomtanguliza kwenda Tanzania na majirani, akiwa na umri kama wa Neema, wewe ukabaki na bibi yake mgonjwa. "Kila jioni nilikuwa nakaa kando ya barabara ya kambi," akasema. "Mwishowe nilikuwa namngoja mama ambaye sura yake nimeisahau." Lakini moyoni nikasema: si alipona? Na wewe ulinieleza mara moja tu, tukichambua maharage: "Nilimtuma apone. Akapona. Lakini siku tulipoonana aliniamkia kama mgeni." Ukaendelea na maharage yako.

Manu alitangulia Butihinda kuandaa shughuli. Mimi na Neema tukafuata kwa gari la abiria, tukapitia Karusi, begi lake mapajani mwangu. Nilimwambia tunaenda kwenye matanga ya bibi, basi. Karibu na mji wa Muyinga tairi likapasuka, tukashuka wote. Kando ya barabara yalikuwa yamesimama malori yamejaa watu wa Kongo, wanapelekwa kambini. Na magodoro, Mama. Magodoro yamefungwa kamba, masufuria, kuku ndani ya kikapu.  Nikasema, ndiyo haya aliyoyasema Mama.

Mwanamke mmoja akateremka, mtoto mgongoni, akanisogelea kwa vile alinisikia nasema Kiswahili. Viatu vyake havikufanana. "Dada," akaniuliza, "huku iko salama?"

Wao walikuwa wanakimbilia mahali ninapotaka kupakimbia mimi! Ningemjibu nini? Nikasema, "Iko salama, dada. Karibuni." Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwenye lori.

Neema alikuwa anasikiliza. Unamjua, hapitwi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kama huku iko salama, mbona umenifungia nguo zote?"

Mungu wangu.  Nilijua nimemdanganya mmoja wao, ama yule mwanamke ama mwanangu, na sikujua ni yupi.

Nikampigia dada yangu wa Kibondo simu palepale asije. Akanigombeza: "Utakuja kulia, na mimi sitakuwa na la kukusaidia." Huenda kweli. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, nakaa kitandani nasikiliza kila pikipiki inayopita.

Tulipofika Butihinda, begi Manu alilikuta. Alilifungua akitafuta taulo, akaona sare ya shule, akaona sweta, akalifunga.  Ila kaburini kwako alimbeba Neema mgongoni, mtoto mkubwa vile miguu inaning'inia, na hakumshusha mpaka sala zikaisha. Ndugu zake wakamcheka. Mimi sikucheka.

Wala sikulaumu, Mama. Wewe ulikuwa na mgonjwa ndani na risasi nje. Mimi nilikuwa na redio tu.

Ujasiri siwezi kukuahidi, sina. Sijui kesho ya hapa, wala ya kwetu, wala ya hao wakubwa na makombora yao. Nakuahidi hili moja: tukibaki, tunabaki naye, tukikimbia, atakuwa ameshika kanga yangu. Simtangulizi popote.

Pumzika, Mama yangu. Sisi huku Gitega usingizi wetu ni wa mang'amung'amu, lakini tumesogeza vitanda, tunalala wote watatu chumba kimoja.